Maji Yasiyoujua Mwezi

Kila mwaka, majani ya miti yakianza kupiga wekundu, mashua za watu wa kaskazini huteremka kuikimbia baridi. Zile zinazopita njia ya ndani, ya mito na mifereji, sharti zipite mbele ya kibanda cha Ardith Spruill. Kibanda hicho kiko juu ya daraja la Skinner's Ferry, kwenye mto Alligator, Karolina ya Kaskazini. Daraja ni la chuma, la kuzunguka. Mwenye mlingoti huita redioni, Ardith hufunga barabara, hubonyeza kitufe, na daraja zima pamoja na lami na taa zake hujigeuza taratibu kama ng'ombe aliyelala njiani akiombwa apishe.

Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa. Kabla yake alikuwa akichambua kaa. Aliacha shule darasa la tisa akaingia kwenye kiwanda cha kaa, akasimama mezani na kisu kifupi pamoja na mama yake na shangazi zake, mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama kucha. Alipoajiriwa darajani alikuwa na watoto wawili, na alichokipenda kwanza ni kwamba sasa angeweza kukaa chini.

Alikuwa mtu wa macho. Hakuna kilichompita. Aliwahi kumkatalia njia bwana mmoja mwenye mashua ya thamani ya nyumba tatu kwa sababu alimwona mtoto omoni, mbele kabisa ya mashua, hana boya la kuokolea. "Mvike mtoto boya kwanza, ndipo nifungue," alisema redioni, na magari yakasubiri, na yule bwana akamvika mtoto boya. Maji nayo aliyaangalia vivyo hivyo. Kila asubuhi alitazama yamefika wapi kwenye nguzo ya mbao chini ya kibanda, kisha akapiga mstari wa penseli ukutani na kuandika upepo ulikotoka. Wakaguzi walimgombeza kwa kuchafua ukuta. Aliomba radhi, na kesho yake akapiga mstari mwingine.

Bahari yenyewe, ile kubwa iliyo nje ya visiwa vya mchanga, alikuwa ameiona mara nne tu, na mara zote alisimama ufukweni, viatu mkononi.

Jumamosi moja ya Oktoba redio ikaita.

"Daraja la Skinner's Ferry, hii ni Marguerite, natoka kaskazini, naomba njia. Na kama mwenye daraja ana mkate wa mahindi, naomba na huo."

Ardith alikaribia kuangusha kikombe. Ilikuwa sauti ya Renita, binti yake.

"Marguerite, mlingoti wako futi ngapi?"

"Mama, fungua tu."

"Nimekuuliza futi ngapi."

"Sitini na nne na inchi nne. Haya, umeridhika?"

Hakuridhika. Alifungua daraja, akamwangalia binti yake akipita chini yake, amesimama peke yake kwenye usukani, kofia imepinda, mkono juu. Na Ardith, aliyekuwa akiwapungia wageni wote, alisahau kupunga. Alikuwa akiutazama ule mlingoti.

Renita alikuwa na miaka ishirini na minane. Kumi na moja kati ya hiyo aliishi Norfolk, kwenye bandari kubwa ya Virginia, akishona matanga. Sasa alikuwa amepata kazi nzuri zaidi Brunswick, Georgia, na alitakiwa afike kabla ya Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Nyumba hakuwa nayo. Mashua ndiyo nyumba. Aliinunua kwa mjane wa mtu aliyekuwa akiishindanisha, na mashua za mashindano hupewa mlingoti mrefu kuliko adabu. Rafiki yake Corinne, aliyekuwa asafiri naye, alivunjika kifundo cha mguu siku tatu kabla ya kuondoka.

Jioni walikaa jikoni. Renita alitandaza ramani ya maji juu ya meza, akaikandamiza kwa chupa ya siki, chupa ya pilipili, sahani ya samaki wa kukaanga na kiwiko cha baba yake. Baba yake, Lonnie, alikuwa mvuvi wa kaa. Miaka thelathini na mitano ya kutega mitego, na hajawahi kuvuka ng'ambo ya ghuba ya Albemarle.

"Mlingoti mrefu hivyo wa nini?" Lonnie aliuliza. "Unataka kumchokonoa Mungu kwenye nyayo?"

"Wa kukamata upepo, baba."

"Mimi nakamata upepo wa kunitosha nikila maharage."

"Baba Renita!" Ardith alisema.

"Haya, nimenyamaza. Tuonyeshe njia, binti."

Renita akaionyesha kwa kidole. Kutoka nyumbani kupanda mto Alligator kuelekea kusini. Kisha mfereji mrefu ulionyooka kama rula katikati ya msitu wa majimaji. Kisha mto Pungo, mto Pamlico, mto Neuse, hadi mji wa Beaufort. Na Beaufort ndipo ulipo mlango wa bahari. Pale atatoka nje, ateremke na pwani hadi Masonboro, na kuendelea.

"Na hili?" Ardith alikuwa ameshaliona. Mstari mwembamba uliokata mfereji.

"Daraja la zege."

"Hilo halifunguki."

"Najua halifunguki, mama."

"Limeandikwa sitini na tano. Lakini manahodha wanaopita kwangu wananiambia ni sitini na nne, na siku nyingine halifiki."

"Ndiyo maana nina mpango." Renita akatoa karatasi. "Alhamisi kutakuwa na upepo wa kaskazini, mzuri, wa mgongoni. Nitateleza tu. Nitafika darajani saa nane na dakika kumi mchana, maji yakiwa yamekupwa kabisa."

Wazazi wakatazamana. Lonnie ndiye aliyeshindwa kujizuia. Alicheka mpaka chai ya barafu ikamtokea puani.

"Yamekupwa wapi, binti?"

"Simu inasema—"

"Simu inasema habari za baharini! Mama Renita, huyu ni mtoto wetu kweli, au hospitali walitubadilishia?"

Renita akaangalia simu, akaangalia ramani, kisha akaweka mikono usoni. Alizaliwa kando ya mto ule. Lakini Norfolk mtu hafungi kamba ya mashua bila kuuliza maji yanajaa saa ngapi, na miaka kumi na moja ya kuuliza hivyo ilikuwa imemsahaulisha alichokijua akiwa na miaka mitano.

"Maji ya huku hayaujui mwezi," Ardith alisema polepole, hakucheka. "Yanajua upepo tu. Upepo ukitoka kaskazini unayasukuma yote ya Albemarle yaje huku kwetu, yapande mtoni, yaingie mferejini. Ukienda Alhamisi upepo utakubembeleza njia nzima, na ukifika darajani utakuta maji yamepanda futi moja."

Renita alikunja karatasi yake.

"Basi nitarudi," Renita alisema. "Siku mbili hadi Norfolk, nitoke baharini, nizunguke rasi ya Hatteras."

"Na nani?"

"Mama."

"Nakuuliza, na nani?"

"Peke yangu. Watu wanafanya hivyo."

Ardith alisimama, akaondoa sahani ambayo bado ilikuwa na samaki. Hatteras hakuna mtu wa kwao anayelitaja jina lake kwa mzaha. Ndipo maji ya moto ya kusini yanapokutana na maji ya baridi ya kaskazini, na mchanga chini hauna makao. Leo uko hapa, kesho kule. Kanisani kwao ukutani kuna ubao wa majina kumi na moja ya waliozama kwenye rasi ile, na watano kati yao ni akina Spruill. Kila Jumapili Ardith aliketi mahali ambapo nguzo ilimkinga asiuone.

Asubuhi alikwenda darajani kabla ya zamu yake, akasimama mbele ya ukuta wa mistari ya penseli, akaisoma kuanzia chini hadi juu, Oktoba baada ya Oktoba, kama mtu anayetafuta jina la jamaa yake. Kisha alirudi nyumbani akamwamsha binti yake kwa kumvuta dole gumba la mguu.

"Utaondoka Jumanne," alisema. "Kesho upepo utageuka utoke kusini-magharibi. Utavuma siku mbili kabla baridi haijashuka. Siku mbili za upepo ule hutoa maji mtoni kama mtu anayechota."

"Mama, huo utanijia usoni. Nitakwenda kwa injini, mawimbi yanapiga omo, siku nzima."

"Ndiyo."

"Yaani upepo mbaya ndio mzuri?"

"Kwa mlingoti wako, ndiyo. Na mimi nitakuja na wewe. Mpaka Beaufort tu."

Renita aliketi kitandani. "Wewe? Kwenye mashua?"

"Nimefungua daraja mara elfu kumi. Sidhani nitashindwa kukaa kwenye kiti."

Lonnie alipoambiwa alikwenda bandani akarudi akibingirisha mapipa mawili ya plastiki ya buluu, ya kuwekea chambo.

"Mkifika darajani," alisema, "usogezeni ule mti wa chini wa tanga nje, upande mmoja. Yajazeni haya maji, yaning'inizeni kwenye ncha. Mashua italala ubavu. Mtu mrefu akiinama anapita mlango mfupi."

"Yananuka, baba."

"Hiyo ni bure. Sikutozi."

Jumanne waliondoka kulipokucha. Upepo ulikuwa usoni kama ulivyosemwa, na mto Alligator, ambao Ardith aliuona kila siku ukiwa umelala, ulikuwa umeinuka kwa vilima vifupi vya maji ya kahawia. Kila kilima kiliirukia omo, kikawamwagia ndoo. Ardith alikaa amejibana kwenye kona, boya kifuani, midomo imekaza. Renita aliimba. Baada ya saa tatu mto ukawa mwembamba, ukageuka, na ghafla wakawa ndani ya mfereji, na mawimbi yakaisha kama mlango umefungwa.

Hapo ndipo Ardith aliponyoosha shingo.

Pande zote mbili ilisimama misitu ya misonobari na miti mingine ambayo mizizi yake inakaa majini mwaka mzima. Maji yalikuwa meusi, meusi ya chai iliyokolea, na juu yake ilikuwapo miti yote tena imepinduka, na wingu, na mlingoti wao wenyewe ukienda chini kama kwamba hauna mwisho. Maili ishirini mbele yao hapakuwa na kona hata moja. Alikaa maisha yake yote mwendo wa saa chache kutoka hapa. Mashua alizozifungulia zilikuwa zikija huku, kila mwaka, na yeye aliziangalia zikipotea nyuma ya kona ya mto, akarudi kwenye kikombe chake.

"Hivi ndivyo kulivyo?" aliuliza.

"Hivi ndivyo kulivyo, mama."

"Na watu wanapita hapa wakiangalia simu?"

"Wengi."

Daraja lilionekana kutoka mbali, mstari mweupe juu ya miti. Walipokaribia, likakua, na mlingoti nao ukawa kama unakua kushindana nalo. Kwenye nguzo palikuwa na ubao wa namba, na namba inayogusa maji ndiyo nafasi iliyobaki. Renita alichukua darubini.

"Sitini na nne kasoro kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kunitoa jasho."

Walining'iniza mapipa. Renita alisukuma mti wa tanga nje, wakayajaza kwa ndoo, na mashua ikainama pole, vikombe vikabingirika huko chini. Renita alisimama kwenye ubavu ulioinama, akishika kamba, macho juu. Usukani alimpa mama yake.

"Polepole. Katikati kabisa. Nikisema nyuma, vuta rungu la injini."

Ardith aliwapeleka. Alikuwa anajua, kuliko nahodha yeyote, kwamba ukisimama chini mlingoti wowote huonekana utagonga. Ameona watu wazima wakipiga kelele mbele ya nafasi ya futi kumi. Lakini macho yake yalikuwa yameshaondoka juu. Yalikuwa kwenye nguzo ya zege, mahali zege linapokutana na maji. Pale palikuwa na mkanda mweusi, wa unyevu, upana wa vidole viwili, ambao jua lilikuwa bado halijaukausha.

Aligeuza usukani. Mashua ikazunguka taratibu, ikalipa daraja kisogo.

"Mama! Umegeuza!"

"Nimegeuza."

"Tulikuwa tunapita!"

"Labda. Maji bado yanashuka, Renita. Tazama nguzo, ina majimaji juu ya maji. Ngoja."

"Ngoja mpaka lini? Tazama kule!" Renita alinyoosha mkono kaskazini-magharibi. Chini kabisa, nyuma ya miti, palikuwa na ukingo wa wingu la rangi ya risasi, umenyooka. Ile ilikuwa baridi inayoshuka. Ikifika, upepo utageuka, na maji yote ya Albemarle yatarudi mbio mferejini. "Likitufikia tukiwa upande huu, ndiyo basi. Ni Norfolk. Ni Hatteras. Unataka hivyo?"

Ardith alikaza mikono kwenye usukani. Ndilo jambo lenyewe alilokuwa akiliogopa. Akiwahi mno, mlingoti unavunjika. Akichelewa, mtoto wake anaizunguka rasi ile peke yake. Na hapakuwa na redio ya kumwuliza mtu.

"Nipe muda," alisema. "Nitakuambia."

Wakaelea pale. Renita alikaa, akasimama, akakaa. Ardith aliangalia maji ya chini ya daraja. Juu yake palikuwa na sindano za misonobari, kahawia, maelfu, na zote zilikuwa zikisafiri pamoja kuelekea kaskazini, zikitoka na maji. Alichagua moja, akaifuata hadi nguzo ya pili. Akachagua nyingine. Dakika ishirini zikapita, wingu likapanda kimo cha mkono. Akachagua nyingine, hiyo ikaenda kidogo, ikasitasita. Sindano za kando yake nazo zikawa zinazunguka mahali pamoja, kama watu waliotoka kanisani ambao bado hawajaamua waelekee wapi.

Upepo ukanyamaza shingoni mwake.

"Sasa," Ardith alisema. "Sasa hivi."

Renita aliruka kwenye ubavu. Ardith aliielekeza omo katikati, akavuta pumzi, wakaingia. Kivuli cha daraja kikawafunika, baridi ya ghafla kama ya kisima. Sauti zote zikabadilika. Na Ardith, ambaye alikuwa ameapa kutotazama juu, akatazama juu.

Alikuwa hajawahi kuwa chini ya daraja linalopitwa. Mihimili mikubwa ya zege ilikuwa ikipita juu ya kichwa chake mmoja baada ya mwingine, na katika kila pembe palikuwa na viota vya mbayuwayu, vya udongo, vitupu, mamia. Gari lilipita juu, kisha lori. Wale watu walikuwa wakienda zao kwenye shughuli, redio zinaimba, na hawakujua kwamba chini ya magurudumu yao ncha ya mlingoti ilikuwa inapita kama kidole cha kipofu kinachopapasa uso. Kitu kidogo kikakwaruza. Kile kishale cha kuonyesha upepo. Kikakwaruza tena, kikanyamaza. Mhimili wa mwisho ukaondoka, na mwanga ukawarudia.

Renita aliangua kilio na kicheko pamoja. Ardith aliendelea kuinyoosha mashua katikati ya mfereji, katikati kabisa, mpaka Renita alipomwambia, "Mama, tumepita. Unaweza kupumua." Nyuma yao zile sindano zilikuwa zimeanza safari, polepole bado, kurudi kusini.

Jioni, walipotia nanga mto Pungo, Lonnie alipiga simu. Maji yalikuwa yamepanda kwenye nguzo ya kibanda karibu futi moja, na yeye alikuwa amepiga mstari wa penseli ukutani kwa niaba ya mke wake. "Mkaguzi alikuwepo," alisema. "Nimemwambia mimi ni mfanyakazi mpya."

Siku mbili zilizofuata upepo wa kaskazini uliwapeleka kwa tanga. Walivuka Pamlico, wakavuka Neuse ambao upana wake ulimfanya Ardith aulize mara mbili kama huo kweli ni mto. Beaufort walikaa siku nzima wakisubiri bahari itulie. Lonnie alikuja na gari la mizigo, akapakia mapipa yake, akasimama gatini huku injini inanguruma, kwa sababu ikizimwa haikuwa na uhakika wa kuwaka.

Ardith alikuwa na mkoba wake mkononi. Aliingia ndani mara ya mwisho kuaga. Juu ya meza, chini ya kikombe, palikuwa na karatasi ya mpango wa Renita ya kutoka nje. Aliisoma kwa sababu alikuwa mtu wa kusoma kila kitu. Kuondoka, saa kumi na moja alfajiri. Maili sabini. Kufika Masonboro, kabla ya giza. Na chini yake zamu za usukani, kila moja na saa zake, na mbele ya kila moja herufi moja. R. R. R. R.

Alikaa chini. Alikuwa ameogopa Hatteras kwa nguvu kiasi kwamba hakuwa na hofu iliyobaki ya mahali pengine. Sasa aliona kwamba bahari haibadiliki tabia kwa kuwa rasi ina jina jingine. Mtoto mmoja, usukani mmoja, saa kumi na mbili. Atakula lini? Akijikwaa, nani atamwona?

Alitafuta penseli. Akafuta herufi mbili, akaandika A. Mwandiko wake haukuwa mzuri, darasa la tisa, lakini ilisomeka.

Alipotoka, Lonnie alikuwa ameshamfungulia mlango wa gari.

"Nenda na mapipa," alimwambia. "Nitarudi na basi kutoka Brunswick."

Lonnie alimtazama mke wake, akaitazama mashua, akamtazama tena. "Mwanamke, wewe huwa unafunga mkanda hata gari likiwa limezimwa."

"Najua."

"Darajani niwaambie nini?"

"Waambie nimesafiri. Na maji uyaangalie asubuhi, si mchana."

Ardith alimkumbatia mumewe, aliyenuka chambo, kisha akaufunga ule mlango wa gari mwenyewe.

Walitoka mlango wa bahari kungali na kiza, wakifuata maboya. Mchanga wa ufukwe ulikuwa mweupe pembeni, kisha haukuwapo. Kilichomshangaza kwanza ni namna mashua ilivyopanda. Mawimbi ya mtoni hupiga, haya hayakupiga. Kilima kirefu cha maji kilikuja nyuma yao bila haraka, kikaiinua Marguerite na vyote vilivyomo, kikaiangalia, kikaishusha tena, kikaenda zake. Kisha kingine. Vilikuwa vinatoka wapi? Alimwuliza Renita, na Renita akasema vingine vimeanzia ng'ambo ya pili ya bahari, siku nne zilizopita, kwenye dhoruba ambayo hawataiona kamwe. Ardith aliendelea kuvitazama vikija, kwa saa nzima.

Kulipokucha, maji yakawa kijani, ya kuona ndani. Alizoea maji ambayo ukitumbukiza mkono huoni vidole. Kipimo cha kina kwenye usukani kilisoma futi arobaini, hamsini, hamsini na tano. Alijaribu kuifikiri hiyo, daraja lake lote likiwa limesimama chini yake na nafasi ya watu kupita juu, akaacha kufikiri, akashika kitu.

Saa nne zamu ya Renita iliisha. "Dira isome mia mbili thelathini na tano," alisema. "Ikiyumba, irudishe kidogo, usiipiganie. Niko hapa chini. Ukiona chochote, niite."

"Chochote kama nini?"

"Meli. Boya. Nchi kavu."

Renita akateremka, na baada ya muda mfupi pakawa kimya huko ndani, kimya cha mtu aliyelala fofofo kwa mara ya kwanza tangu Norfolk.

Ardith akabaki. Alizoea kuangalia kitu: nguzo, geti, mtoto omoni, mstari ukutani. Aliangalia mbele, kisha kulia, mahali nchi ilipokuwa, na ilikuwa imeondoka. Aligeuka nyuma. Hata mnara wa taa wa Lookout, ulio karibu na Beaufort, haukuwapo. Mduara mmoja wa maji, kamili, na wao katikati yake, na kila walivyokwenda mduara ulikwenda nao. Ndege wakubwa weupe, ncha za mbawa nyeusi, walipaa juu sana, wakakunja mbawa, wakaanguka baharini kama visu, kila mmoja akiacha moshi wa maji, na hapakuwa na mwenye kuwaangalia ila yeye. Aliogopa, hilo hakulikana hata baadaye. Lakini hofu hiyo ilikuwa na nafasi ya kutosha pale, hata haikugonga ukuta.

Akasikia Renita akigeuka kitandani.

"Mama? Kila kitu sawa? Unaona nini?"

Ardith aliangalia mduara wote, taratibu, asije akakosea.

"Hakuna kitu, mwanangu," alisema. "Hakuna kitu kabisa. Njoo uone."